Trekta Kubwa la Zamani Hutengenezwa Kiangazi

  Popote unaponisikia, uwe sokoni Kibaigwa, uwe shambani Kiteto, uwe kwenye majaruba ya Magugu au uko barabarani na lori la mahindi, nakuomba nafasi kidogo. Na kama una trekta, au unafikiria kununua trekta ulimie watu kwa malipo ya eka, sogeza kiti karibu na redio. Leo nazungumza na wewe hasa.

Mada yetu ni matrekta makubwa ya zamani. Ninaposema makubwa, nina maana ya yale yenye nguvu za farasi 100 na kuendelea. Unayajua. Massey Ferguson 399 yenye injini ya Perkins ya silinda 6. Ford za jamii ya TW. Fiat 180-90, ambayo ina nguvu za farasi 180. John Deere 4450. Haya ni matrekta yaliyoundwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakalima Ulaya na Marekani, na sasa mengine yanafika kwetu kama mitumba. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya trekta jipya la nguvu hiyo hiyo, na ndiyo maana kijana mwenye akiba ya biashara ya mazao akiyaona anasimama kuyatazama.

Swali analojiuliza ni moja: trekta la umri wa miaka 35 au 40 linaweza kunilisha? Jibu langu, msikilizaji, ni ndiyo. Linaweza kukulisha, likasomesha watoto, likajenga nyumba. Ila lina sharti lake, na sharti hilo nitalirudia mara kadhaa leo ili likae kichwani: trekta kubwa la zamani hutengenezwa kiangazi. Anayelitengeneza kiangazi anapata faida. Anayesubiri likwame shambani masika, huyo litamfilisi.

Tupite kidogo kwenye historia, maana jambo hili limewahi kutokea hapa hapa nchini, tena kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, ikapangwa kwenda Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya eka milioni 3. Dunia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, matrekta mapya hayapatikani, kwa hiyo wakanunua masalia ya jeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Kampuni ya Vickers ilichukua hata vifaru vya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Je, hapo palikosekana nguvu? Nguvu zilikuwepo tele. Kilichokosekana ni spea, mafundi wa kutosha na muda wa kutengeneza. Udongo wa Kongwa ukikauka ni mgumu mno, tena una mchanga unaokula chuma. Matrekta yakawa yanakufa upesi kuliko karakana ilivyoweza kuyafufua. Mwaka 1951 mpango ukafutwa.

Leo katika wilaya hiyo hiyo ya Kongwa wapo wakulima na wafanyabiashara wenye trekta moja moja, mawili mawili, makuukuu, na wanalima. Serikali yenye fedha nyingi ilishindwa, mtu mmoja mwenye sanduku la spana anaweza. Nimelifikiria sana jambo hili. Naamini siri ni kwamba mtu huyu analijua trekta lake. Anajua lilipofunguliwa mara ya mwisho, anajua nati ipi inalegea, na fundi wake anaishi mtaa wa pili.

Sasa, kwa nini uhitaji trekta kubwa? Je, trekta dogo la farasi 50 au 70 halitoshi? Kwa kulima kwa plau ya sahani tatu kwenye shamba la eka tano, linatosha kabisa, na pengine ndilo bora. Lakini mashamba yetu mengi yamelimwa kwa sahani miaka nenda miaka rudi, kina kile kile. Chini ya pale sahani inapopita pamejengeka tabaka gumu. Maji ya mvua hayapenyi, mizizi ya mahindi haipenyi, mvua ikikatika wiki mbili tu mahindi yananyauka. Tabaka lile linataka kuchanwa kwa ripa, na ripa ya meno kadhaa inayoshuka chini inataka nguvu. Haro nzito inataka nguvu. Kusomba miwa bonde la Kilombero kwa matela yaliyojaa kunataka nguvu, na kunataka breki zaidi ya nguvu. Halafu kuna muda. Katika kanda ya kati mvua ni msimu mmoja. Wateja wote wanakutaka katika majuma yale yale machache. Mwenye trekta kubwa anamaliza kwa siku moja eneo ambalo dogo linafanya kwa siku mbili au tatu. Hapo ndipo biashara ilipo.

Na hapo hapo ndipo hatari ilipo. Maana kama msimu wako wote ni majuma machache, kila siku unayokaa chini ya mti unasubiri spea kutoka Dar es Salaam au Arusha ni siku ambayo haitarudi mpaka mwakani.

Tufanye hesabu nyepesi, msikilizaji. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme unatoza shilingi 50,000 kwa eka. Dizeli, dereva, utingo na chakula chao vinakula 30,000. Unabakiwa na 20,000. Wengi wetu hapo tunasema, faida hiyo, tunaitia mfukoni. Hapana, ndugu yangu. Katika ile 20,000 trekta lina fungu lake. Ukilima, kuna chuma kimesagika, kuna tairi limelika, kuna oili imechoka. Hujalipa leo, lakini deni lipo. Tenga, tuseme, 8,000 kwa kila eka, uiweke mahali ambapo hata harusi haifiki. Ukilima eka 300, una shilingi 2,400,000 za kufungulia trekta kiangazi. Usipotenga, kiangazi kikifika utakuta fedha imekwisha na trekta linadai.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Trekta lako linalima eka 12 kwa siku. Limekwama siku 7 kwa sababu ya sili ya pampu ambayo bei yake haifiki hata malipo ya eka moja. Umepoteza eka 84. Kwa hesabu yetu ile ni shilingi 1,680,000 zimepita mbele ya macho yako. Na mteja uliyemwahidi Jumatatu, akaona mvua inapita na wewe huji, mwakani atampigia simu mwingine. Sili moja! Ndiyo maana nakwambia, trekta kubwa la zamani hutengenezwa kiangazi.

Tuje kwenye kununua. Ukienda kuona trekta, nenda asubuhi na mapema, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imepashwa moto, inaonyesha udhaifu wake ikiwa baridi. Kabla halijawashwa, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, kuna maji ndani. Ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, huenda kuna pampu inayovujia ndani ya injini. Fungua rejeta uone kama juu ya maji kuna mafuta yanaelea. Kisha liwashwe, lipashe moto, ufungue mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka pale kwa nguvu na kwa mapigo, ringi na slivu zimekwisha. Hilo trekta linataka ovaholi, na bei ya ovaholi ya silinda 6 uiulize kwanza kwa fundi kabla ya kumuuliza muuzaji bei ya trekta.

Angalia na moshi wa bomba. Mweusi mfululizo hata bila mzigo: nozo, pampu au hewa haitoshi. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: ama dizeli haiungui sawasawa, ama maji yanaingia. Funga plau nyuma, inyanyue, uzime injini, usimame ukiwa mbali na plau. Mikono ya nyuma ikishuka papo hapo, hidroliki inavuja ndani. Endesha kwa kila gia, na uone kama ipo inayoruka. Usiiamini sana saa ya injini. Katika matrekta mengi ya zamani saa hiyo inafuata mzunguko wa injini, na kebo yake ikikatika hakuna kinachohesabiwa. Tazama pedali zilivyolika, tazama tundu la pini ya kuvutia tela lilivyopanuka. Hayo hayadanganyi.

Lakini, msikilizaji, kabla ya hayo yote kuna swali moja ambalo mimi naliweka mbele: spea ziko wapi? Usivutiwe na nguvu za farasi peke yake. Trekta la farasi 180 ambalo hakuna jingine la aina yake katika mkoa wako mzima ni yatima. Ikikatika gia, utaagiza ng'ambo na kusubiri. Trekta la farasi 100 ambalo injini yake ni Perkins, ambayo mafundi wameifungua kwenye malori na majenereta, hilo lina ndugu kila mahali. Miaka ya 1980 Kibaha paliunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland, na mpaka leo yupo fundi mzee anayeyajua kwa kuyasikia tu yanavyonguruma. Mtafute fundi kabla ya trekta. Mwulize yeye: wewe unaweza kufungua lipi? Na kwa maoni yangu, mtu anayeanza aepuke giaboksi zile zinazobadili gia kwa hidroliki bila kukanyaga klachi. Ni nzuri sana zikiwa zima. Zikiugua, wanaozijua ni wachache mno, na vipimo vya kuzipimia havipo vijijini.

Faida kubwa ya matrekta haya ya zamani ni kwamba pampu zake za dizeli hazina kompyuta. Fundi pampu mwenye mashine ya kupimia anaweza kuirudisha pampu ikawa kama ilivyotoka kiwandani. 

Basi trekta tulitunze vipi? Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo matrekta yetu yanapofia. Maadui ni watatu: vumbi, maji na haraka.

Vumbi kwanza. Trekta linalopiga haro mwezi wa Novemba linatembea ndani ya wingu. Injini kubwa inavuta hewa nyingi, na vumbi likipenya filta likafika kwenye silinda ni msasa, linasugua ringi na slivu kila pistoni inapopanda na kushuka. Injini ambayo ingefanya kazi miaka inakwisha kwa msimu mmoja. Sasa niambie, mara ngapi umemwona utingo anagonga filta ya karatasi kwenye tairi ili vumbi litoke? Ile karatasi inachanika, mpira wa pembeni unapinda, na kuanzia hapo filta ni pambo. Filta ya karatasi ipulizwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha uiangalie kwa tochi ukitia mwanga ndani. Ukiona tundu linapitisha mwanga, tupa. Kama trekta lako lina filta ya bakuli la oili, bakuli lisafishwe kila siku wakati wa vumbi, oili ijazwe mpaka alama, isizidi, isipungue.

Na hapa kuna kipimo cha bure. Fungua bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, pangusa ndani yake kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni klipu imelegea au mpira umepasuka kwa chini ambako huoni. Unaweza kununua filta mpya ya bei kubwa kila wiki, na vumbi likaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma. Fanya kipimo hicho leo jioni. Hakihitaji fundi.

Adui wa pili ni maji, na anaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni dizeli. Dizeli yetu ya shambani inakaa kwenye mapipa, inamiminwa kwa ndoo, mvua inanyesha, usiku unyevu unageuka maji ndani ya tangi lililo tupu. Maji yakifika kwenye pampu na nozo yanakula vyuma ambavyo vimechongwa kwa usahihi mkubwa sana. Kwa hiyo pipa likifika lisimame, litulie usiku mzima kabla ya kuguswa, na mpira wa kuvutia usifike chini kabisa. Tangi la trekta lijazwe jioni baada ya kazi, lisiachwe tupu mpaka asubuhi. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kile kikombe cha chini ya filta umwage maji. Ni kazi fupi, ifanyike kila siku. Dereva asiyefanya hivyo anakula pampu yako.

Njia ya pili ni rejeta. Maji ya visima vingi vya Dodoma na Manyara yana chumvi. Ukiyamimina humo kila siku, yanaacha ukoko ndani, joto halitoki, gasketi ya silinda hedi inaungua. Zaidi ya hapo, maji matupu bila kulanti yanaweza kuzitoboa slivu polepole kwa nje, vitobo vidogo vidogo, mpaka siku moja maji yanaingia kwenye oili. Kulanti si anasa ya nchi za baridi. Tia kulanti, na kama huna maji safi, kinga ya mvua. Halafu mapezi ya rejeta yapigwe upepo kutoka upande wa injini kwenda nje, kutoa mbegu za majani na makapi. Na tafadhali, fundi akikwambia "tuiondoe thamostati, trekta halitachemka tena", mkatalie. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula dizeli zaidi na inalika upesi. Kinachochemsha kitafutwe kilipo.

Oili ya injini nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mnajua. Saa 250 za kazi ndicho kipimo cha kawaida kwa mengi, fuata kitabu cha trekta lako, na katika vumbi zito usingoje zifike. Filta ibadilishwe pamoja na oili. Trekta lenye tabo lisizimwe mara tu linapotoka kwenye mzigo mzito. Liache lingurume polepole dakika tatu mpaka tano, tabo ipoe, ndipo uzime.

Kuna oili nyingine ambayo wengi hawaipi heshima, nayo ni ya nyuma. Katika matrekta mengi makubwa, oili moja inahudumia difu, hidroliki na hata breki, maana breki zimezama ndani yake. Ukitia oili yoyote tu ya gia kwa sababu ni rahisi, breki zitapiga kelele na zitateleza. Ukikodi tela la mtu mwenye oili chafu, ukachomeka hozi zake kwenye trekta lako, uchafu wake umehamia kwako. Pangusa ncha za hozi kabla ya kuchomeka. Vishikio vya hozi viwe na vifuniko.

Adui wa tatu ni haraka, na huyu tunamlea sisi wenyewe. Dereva wetu tunamlipa kwa eka. Akilima eka nyingi, anapata nyingi. Je, utamlaumu akiruka kupaka grisi? Utamlaumu akikanyaga klachi nusu nusu, akigeuza na plau ikiwa ardhini, akikimbiza trekta kwenye visiki? Sisi tumemwambia kwa mdomo atunze, kwa mfuko tumemwambia akimbie. Mimi nasema malipo ya dereva yawe na sehemu mbili. Moja ya eka. Ya pili itolewe mwisho wa msimu, kulingana na hali ya trekta na daftari lililojazwa: lini kapaka grisi, lini kamwaga maji ya dizeli, lini kabadili oili, saa ngapi kafanya kazi. Dereva mzuri wa trekta la zamani ni fundi nusu, na anastahili kulipwa kama fundi nusu. Wamiliki wanaobadili dereva kila msimu kwa sababu ya shilingi chache wanapoteza sikio la mtu aliyelizoea trekta lile.

Na dizeli je? Hapa kuna kipimo kingine cha bure, nacho kinahusu tairi kuteleza. Trekta kubwa likiwa jepesi linazungusha matairi bure, linachoma dizeli na kula mpira. Likiwa zito kupita kiasi, linajibeba lenyewe na kukandamiza udongo wa mteja. Utajuaje? Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Lima ukiwa na mzigo, hesabu mizunguko 10, weka vijiti pale ulipoanzia na ulipoishia. Kisha nyanyua plau, pita umbali ule ule bila mzigo, hesabu tena. Ukipata mizunguko 8 na nusu mpaka 9, uzito uko sawa. Ukipata 7, tairi linateleza mno: ongeza vyuma au jaza maji kwenye tairi, yasizidi robo tatu. Ukipata karibu 10 zile zile, umebeba uzito wa bure, upunguze. Na kwa trekta linalovuta kwa magurudumu manne, usibadili matairi ya mbele kwa saizi yoyote unayoipata. Ya mbele na ya nyuma yanakwenda kwa uwiano uliopangwa na kiwanda. Ukiuharibu, gia za mbele na za nyuma zinapigana mpaka kitu kikatike.

Kwa kazi nyepesi, kama kuvuta tela tupu, panda gia ya juu upunguze gesi. Injini haihitaji kupiga kelele ili ifanye kazi. Lakini mashine inayozungushwa na PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta, iheshimu mzunguko wake, 540 au 1,000 kwa dakika, kama ilivyoandikwa.

Sasa, msikilizaji, naomba unisikilize kwa makini zaidi, maana hapa hatuzungumzii fedha. Utingo anayekaa juu ya madigadi au anayesimama kwenye chuma cha kuvutia tela akianguka, gurudumu la nyuma linampitia. Shafti ya PTO bila kifuniko ikishika ncha ya nguo, inamvuta mtu kabla hajapiga kelele. Trekta lina pedali mbili za breki. Shambani unazitenganisha ili ugeuze. Barabarani lazima zifungwe pamoja, la sivyo ukikanyaga moja ukiwa kwenye mwendo na tela la miwa nyuma, trekta linageuka ghafla na kupinduka. Usiku, tela lisilo na taa ni kifo cha mwenye pikipiki. Vitu hivi gharama yake ni ndogo: kifuniko cha shafti, pini ya pedali, taa mbili na viakisi. Mwenye trekta ambaye hajaviweka hajawa tayari kupokea fedha ya mtu.

Basi kiangazi hiki tufanye nini? Nimesema, na narudia: trekta kubwa la zamani hutengenezwa kiangazi. Likitoka kwenye kazi ya mwisho, lioshe, uone linapovuja. Andika kila kilicholalamika wakati wa msimu, kuanzia gia iliyoruka mpaka taa iliyozimika. Nozo zipelekwe kwa mwenye kipimo. Beringi za magurudumu ya mbele zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi mpya. Tairodi na kingpini zitikiswe. Klachi ipimwe. Spea nunua mwezi ambao hakuna anayezikimbilia, uzilinganishe na ile ya zamani kwa mkono wako, maana za bandia zipo na zinafanana sana kwa sura. Na weka sanduku la kwenda nalo shambani: filta mbili za dizeli, mkanda wa feni, hozi moja ya hidroliki, sili za pampu, pini za mikono ya nyuma, na kopo la grisi. Kama mko wamiliki watatu au wanne wenye trekta la aina moja, nunueni pamoja pampu moja ya akiba ambayo imeshapimwa. Ya aliyeharibikiwa inakwenda kwa fundi, yeye anaendelea kulima.

Vijana mnaotaka kujifunza kazi hii, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha ufundi wa mitambo, na Arusha iko CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Nendeni mkaulize. Nchi hii ina matrekta mengi yaliyoegeshwa chini ya miembe kwa kukosa mtu mmoja anayejua kupima pampu, na kijana atakayejifunza kazi hiyo hatakosa wateja.

Wenye matrekta wa Kongwa, Kiteto, Hanang na kwingineko ukanda wa kati, mvua zenu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ongeeni na mafundi wenu wiki hii, na filta, nozo na sili ziagizwe sasa.